Gereji ndogo ya magari ya kale Mombasa: jinsi ya kuianzisha isigeuke makaburi ya vyuma

Gereji ya magari ya kale haifi kwa kukosa wateja; hufa kwa kukosa nafasi. Gari la kwanza linashushwa injini, spea zinachelewa, mwenyewe yuko Dubai na simu haipokelewi. La pili linakatwa bati la sakafu, kutu inaibuka mara tatu ya ilivyokisiwa, pesa zinakatika. Mwaka ukizunguka, uwanja una magari manne yaliyokalia matofali, kodi inaendelea kulipwa, na hakuna la kutoka wala la kuingia. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa chini, tangu kuchagua aina ya gari hadi kuandika risiti, zinarudi kwenye swali moja: gari hili litatoka lini?

1. Chagua aina mbili, zikizidi ziwe tatu

Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Soko lako basi ni magari ambayo tayari yako nchini: Peugeot 404 na 504, Land Rover Series II na III, Volkswagen Beetle, Mercedes W123, Datsun za miaka ya 70, Ford Escort, Land Cruiser FJ40, na Morris Minor moja moja. Kadhaa kati ya hizi zilijijengea jina kwenye Safari Rally: Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kale, na mtu mwenye 504 ya babake iliyofunikwa turubai uani huyaona yale ya mashindano yakipita, akakumbuka kulifufua lake. Huyo ndiye mteja wako. Kutayarisha gari la mashindano lenyewe ni kazi nyingine, yenye tarehe isiyosogezwa hata siku moja, usianzie hapo.

Peugeot, Volkswagen, Mercedes na Datsun hutumia bolti za milimita, kwa hiyo seti moja ya spana inatosha. Magari ya Uingereza yanataka spana za inchi, na Land Rover za zamani huchanganya aina zaidi ya moja za nati kwenye gari hilo hilo. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na itafungua mara mbili tatu. Mara ya nne kona za nati zimelika na sasa unatafuta patasi. Kuanza na 504 na Beetle, au 504 na W123, ni busara. Land Rover ipokee ukiwa na mchomeleaji mzuri, maana kazi yake kubwa ni chesi kuliko injini.

2. Mahali

Jiepushe na mstari wa kwanza wa ufuo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na bati tupu lililoachwa usiku mmoja karibu na maji Nyali au Bamburi huamka limevaa rangi ya chungwa. Shimanzi na Changamwe kuna karakana na wakereza karibu, ila malori hujaza barabara. Mikindani, Jomvu na Miritini uwanja hupatikana kwa urahisi zaidi. Likoni ni rahisi kwa kodi, lakini mteja wa kisiwani mwenye gari lisiloaminika hataki limzimikie kwenye feri, na ana haki.

Hesabu nafasi hivi: gari zima linataka mita 3.5 kwa 6. Gari lililovuliwa linataka mara mbili ya hapo, kwa sababu milango, viti na mabawa nayo hulala mahali. Nafasi tatu zenye paa zinatosha kuanza: moja ya ukaguzi na kazi fupi, moja ya kazi ndefu, moja ya gari linalongoja spea. Ya nne ukiipata, iache wazi. Mlango mkubwa usielekee kusini wala mashariki, kwa sababu upepo wa kusi huleta mvua na vumbi moja kwa moja kwenye rangi mbichi. Sakafu iwe ya zege iliyo sawa, la sivyo stendi zitainama.

Uliza pia kuhusu maji. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Maji hayo hayafai kuoshea bati kabla ya rangi, na kwenye radieta ndiyo kabisa. Weka tangi la kuvunia maji ya mvua.

3. Karatasi

Hizi zimalize mapema. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, pata PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha zimamoto. Mauzo yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3, na ankara zako zipitie eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Oili chafu uikusanye kwenye pipa lenye kifuniko na umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Chukua bima inayofunika magari ya wateja yakiwa kwako, siyo jengo tu. Ukibadilisha injini au rangi, mteja aarifu NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, ili logibuku ilingane na gari. Injini yenye nambari isiyo kwenye logibuku ni kesi inayosubiri siku ya kuuza.

4. Vifaa vya kuanzia

Spana na boksi za milimita 6 hadi 32, spana mbili za toki (za kukaza bolti kwa nguvu iliyopimwa), ndogo ya 10–60 Nm na kubwa ya 40–210 Nm, fila geji, kipimo cha mgandamizo wa silinda, taa ya taimingi, multimita, jeki ya magurudumu ya tani 3 na stendi nne, winchi ya injini ya tani 2, presi ya tani 12 au zaidi, jiliwa la inchi 6, grainda, kompresa ya lita 100 hadi 200, mashine ya kuchomelea ya MIG (inayolisha waya yenyewe) ya ampia 180 au 200 yenye gesi. Mitungi ya kuzimia moto iwe miwili, wa poda kilo 9 na wa CO2, karibu na mlango, siyo nyuma ya stoo.

Usinunue mashine ya kusaga injini wala ya kerezo. Kuchonga silinda, kusawazisha hedi (kichwa cha injini chenye valvu) na kukereza dramu za breki peleka kwa wenye mashine, lakini nenda na vipimo vyako vilivyoandikwa na upime tena kabla ya kulipa.

Fundi wawili na mwanagenzi mmoja wanatosha. Cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ni mwanzo mzuri, ila muulize fundi akufungulie kabureta ya Solex na kuirudisha mbele yako. Aliyezoea magari ya kompyuta tu atakodoa macho.

5. Ukaguzi wa kulipia

Usikubali kutaja bei ukiwa umesimama barabarani. Mteja alipe ukaguzi wa saa nne hadi sita, na akikubali kazi, unaweza kumkatia sehemu ya ada hiyo. Asiyetaka kulipa ukaguzi hatalipa bati pia.

Anza na picha, zisipungue 40, pamoja na nambari ya chesi ikilinganishwa na logibuku. Kisha chukua sumaku ndogo na bisibisi butu. Sumaku isiposhika, chini kuna puti (kijazo cha kusawazisha bati). Bisibisi ikizama, chini hakuna kitu. Kila gari lina mahali pake pa kuoza: Beetle ni mirija ya joto iliyo chini ya milango na sakafu chini ya betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma; 504 ni bati za chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki na ukingo wa kioo cha mbele; Land Rover ni boriti ya nyuma ya chesi, mabano ya pembeni na ukuta wa mbele penye miguu. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na hudanganya macho: gari linang'aa juu huku chesi ya chuma imekuwa biskuti.

Injini ikiwa moto, toa plagi zote, kanyaga petroli hadi mwisho, upime mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini ikizidi asilimia 15, tia kijiko kimoja cha oili kwenye iliyo dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta, chovya waya mwekundu wa multimita kwenye maji na mweusi uuweke kwenye nguzo hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, maji yamekuwa betri na yanaila hedi ya alumini. Hapa Mombasa hilo ni la kawaida kwenye 504 zilizonyweshwa maji ya kisima.

Kwa umeme, washa taa kubwa na upime volti kati ya bodi ya taa na nguzo hasi. Ikizidi 0.2, ethi (muunganisho wa umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi) imeliwa. Chuna waya kidogo: ukikuta shaba nyeusi au ya kijani, kata hadi ufike inayong'aa, na ikiwa haifikiki, waya wote unabadilishwa. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa kwenye boti. Ni ghali kidogo lakini chumvi haiuwezi. Kwenye magari ya Uingereza ya zamani angalia kwanza nguzo ipi imefungwa kwenye bodi, kwani mengine ethi yake ni chanya. Beetle za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 nyingi ni za volti 6.

Ripoti igawe mafungu matatu: ya usalama, ya kulifanya gari litembee, na ya urembo. Fungu la kwanza halina mjadala. Mteja akikataa breki na akataka rangi, mrudishie gari.

6. Kutu na rangi

Hapa ndipo bei zote huharibikia. Kutu unayoiona ni ncha tu. Kata hadi kwenye chuma kizima ndipo uhesabu saa, na mwambie mteja hivyo kabla ya kukata.

Kabla ya cheche yoyote, toa tangi la petroli na ukate betri. Tangi lenyewe usilichomelee hata likiwa limekaa kavu mwaka mzima; mvuke hujificha kwenye mishono, na mvuke ndio unaolipuka. Kwa paneli za nje tumia bati la geji 20, kwa sakafu na chini ya milango geji 18, kwa chesi ya Land Rover chuma cha milimita 2. Waya wa MIG uwe milimita 0.6 kwa bati jembamba na 0.8 kwa nene. Choma sentimita moja na nusu, ruka, choma mbali, rudi. Ukienda mfululizo bati litapinda. Upepo ukipuliza gesi, mshono unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina, na utavuja hata ukiupaka nini. Funga turubai upande wa upepo.

Chuma tupu hapa hakingoji kesho. Kioshe kwa maji matamu kwanza kuondoa chumvi, kikauke, kipige msasa, kifute mafuta, kipate praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Chumvi ikibaki chini ya rangi, malengelenge yataanza hata kabla ya mwaka, na lawama itakuwa yako. Praima ya kawaida hunywa unyevu, kwa hiyo gari lililopakwa praima tu lisilale nje. Puti ipakwe juu ya epoksi, isizidi milimita 3, na ipigwe msasa mkavu. Ukiipiga kwa maji itayanywa.

Rangi ipulizwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 85. Alfajiri bati hutoka jasho bila kuonekana. Unyevu ukizidi, rangi huvaa ukungu mweupe. Toa maji kwenye kompresa kila asubuhi, na kichujio cha maji kiwekwe mbali na kompresa, baada ya mita kadhaa za bomba la chuma, hewa ikiwa imepoa. Kikikaa mlangoni pa kompresa, maji hupita yakiwa mvuke. Kazi za rangi usizipange Aprili na Mei. Masika ni msimu wa injini na gia.

Mwisho, mashimo ya ndani ya milango na chesi yapulizwe nta, na vitundu vya kutolea maji viachwe wazi. Ile desturi ya kumwagia chini ya gari oili chafu iache: inalainisha bushi na mipira ya breki, inashika vumbi, na mvua ikija inaishia mtaroni.

7. Makosa ya injini na breki yanayorudisha gari

Petroli yenye risasi ilikwisha Kenya kufikia 2006. Injini za hedi ya chuma, kama Land Rover 2.25 na Morris, zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Hedi ikishuka, weka viti vigumu vya valvu za kutolea moshi. Hedi za alumini za 504 na Beetle tayari zina viti vya chuma vilivyopachikwa, kwa hiyo usimtoze mteja kazi asiyoihitaji.

Kwenye 504, hedi ikishatoka usizungushe kranki bila kufunga mabano ya kushikilia laini za silinda (mirija ambamo pistoni hutembea). Laini hizo zimekaa tu ndani ya maji; zikisogea, muhuri wa chini unaachia na maji yanaingia kwenye oili. Kazi ya gasketi inageuka kuwa ya injini nzima. Mianya ya valvu zake, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 ya kuingiza na 0.25 ya kutoa. Radieta ijazwe maji safi ya mvua au ya betri, na kulanti asilimia 33 hadi 50.

Beetle inapoozwa kwa hewa, kwa hiyo mabati yote yanayozunguka injini na ile raba ya ukingoni ni sehemu ya mfumo wa kupoza. Raba ikikosekana, injini inavuta hewa moto iliyokwisha kuitoa, na kwenye foleni ya joto la Februari valvu inaungua. Oili ni lita 2.5 tu, mwanya wa valvu ni milimita 0.15 kwa zote, wa pointi (viunganishi vya cheche ndani ya distribyuta) 0.4, na mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2. Mpira wa petroli badilisha kila Beetle inayoingia bila kuuliza. Mpira uliopasuka juu ya injini ndio unaozichoma nyingi.

Oili ya injini hizi ni 20W-50 ya kawaida, siyo nyepesi za magari mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hapa unyevu hauishi: yabadilishe kila mwaka. Breki inayoshika na kukataa kuachia mara nyingi siyo silinda, ni mpira wa breki uliovimba ndani ukawa valvu.

8. Spea

Duka likikwambia haipo, usiulize kwa jina la gari, uliza kwa nambari na kipimo. Beringi ina nambari ubavuni: 6204 ni 6204, iwe ya dinamo ya Peugeot au pampu ya maji ya shambani. Sili hununuliwa kwa vipimo vitatu, ndani, nje na unene, kwa mfano 40×62×10. Viatu vya breki na sahani za klachi hubandikwa bitana upya, silinda za breki huvishwa ala ya chuma kisichoshika kutu, bushi hukerezwa. Kwa yaliyobaki, Nairobi kwenye Kirinyaga Road panasaidia, kisha Uingereza kwa Land Rover, Ujerumani kwa Volkswagen na Mercedes.

Ya muhimu zaidi: gari lisivuliwe kabla spea zote za hatua hiyo hazijawa rafuni. Kila kilichotolewa kiingie mfuko wenye jina la gari, tarehe na kilikotoka. Mifuko isiyoandikwa ni chanzo cha magari yasiyotoka.

9. Bei, arubuni na daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua mfano huu ubadilishe tarakimu ziwe zako. Kodi 30,000, stima 8,000, mafundi wawili 60,000, mwanagenzi 18,000, bima, leseni na mlinzi 14,000, gesi, msasa na matambara 15,000, na wewe 55,000: jumla 200,000 kwa mwezi. Mafundi wawili kwa siku 24 za saa nane ni saa 384, lakini zinazoweza kutozwa hazizidi 210 hivi, kwa sababu kuna kutafuta spea, stima kukatika na mteja wa maneno. 200,000 ukigawanya kwa 210 ni kama 950. Ongeza robo ya faida na saa moja ni takriban 1,200. Anayetoza 500 "ili wateja waje" anawalipia wateja magari yao.

Spea zilipwe zote kabla ya kuagizwa. Kazi igawe hatua, na kila hatua ilipwe arubuni ya nusu kabla ya kuanza, iliyobaki ikimalizika. Hatua isipolipwa, gari halivuliwi zaidi. Linafungwa na kuhamia nafasi ya tatu. Kwenye fomu ya kupokea gari andika ada ya maegesho ya kila siku baada ya siku 14 za taarifa, mteja aweke sahihi. Kuna pia Sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, inayomruhusu mtengenezaji kuuza kilichotelekezwa kwa kufuata utaratibu wa taarifa. Muulize wakili maneno ya kuandika kwenye fomu na ukutani tangu siku ya kwanza. Ukikumbuka baada ya miaka miwili umechelewa.

10. Kukabidhi

Liendeshe kilomita 50, sehemu yake kwenye mlima wa Mazeras injini ikiwa moto, kisha liache usiku kucha juu ya kadibodi safi. Asubuhi madoa yatakuonyesha kinachovuja. Mpe mteja picha, spea za zamani kwenye mfuko, na karatasi ya vipimo vya valvu, pointi na mgandamizo. Mwandikie tarehe ya kurudi baada ya kilomita 500 kukaza hedi pale kitabu cha gari kinapotaka, kupima valvu na kubadilisha oili, na mwambie gari lioshwe chini kwa maji matamu kila wiki mbili, zaidi akiegesha karibu na bahari.